Kutoka Ondiri hadi Sabaki: namna uchafu wa Nairobi unavyoifikia bahari

Desemba moja nilisimama karibu na mlango wa Mto Sabaki, kaskazini ya mji wa Malindi, nikamwamkia mzee mmoja aliyekuwa amekaa mchangani akishona jarife lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

Nikamjibu kwamba natoka Nairobi. Akainua uso, akayatazama maji, ambayo siku hiyo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa hadi mbali sana baharini. "Basi huko kwenu kumenyesha," akasema. "Haya ni maji yenu."

Hakuwa akinilaumu. Alikuwa akinieleza hali ya kazi yake, kama vile mkulima anavyokueleza kuhusu mawingu. Lakini maneno yale, maji yenu, sikuweza kuyatoa kichwani. Nimeishi Nairobi miaka yangu yote. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na safari ya kwenda Malindi ni ya kutwa nzima barabarani. Kwangu bahari ilikuwa mahali pa kwenda likizo. Sikuwahi kufikiri kwamba mtaro unaopita nyuma ya nyumba yetu unakwenda huko huko, tena bila nauli.

Nimejaribu tangu hapo kuelewa ni kitu gani hasa kinachosafiri, kipi kinafika, kipi kinaishia njiani, na kikifika kinafanya nini. Tumezoea kusema "uchafuzi wa bahari" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. Kinyesi, udongo, plastiki na metali nzito kama risasi na zebaki, kila kimoja kina tabia yake, na kinachofaa kuzuia hiki hakizuii kile.

Mto wenye majina mengi

Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, katika Kaunti ya Kiambu. Jina la mji wetu lenyewe linatokana na maji: Wamaasai walipaita mahali hapa Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Kutoka Ondiri mto unateremka Dagoretti na Kawangware, unapita chini ya Museum Hill, unapita kando ya gereji za Grogan, unaingia Gikomba, unakwenda Kariobangi na Korogocho, unapakana na jaa la Dandora, kisha unaelekea Njiru na Ruai. Njiani unapokea ndugu zake wawili, Mto Mathare na Mto Ngong, huu wa pili ukiwa umekwisha kupita Kibera na Mukuru. Maji yote hayo yanaingia Mto Athi. Athi unaporomoka pale Fourteen Falls, upande wa Thika, unashuka Ukambani, unapita Makueni, unaingia Tsavo. Ukikutana na Mto Tsavo unabadilika jina na kuitwa Galana. Ukikaribia pwani unaitwa Sabaki.

Ndio mto wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana, na ardhi inayomwaga maji yake humo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 70,000. Nasisitiza majina kwa sababu nadhani ndiyo yaliyotuficha ukweli. Mtu wa Nairobi akisikia Sabaki anadhani ni mto wa watu wengine. Ungeitwa Nairobi hadi unapoingia baharini, labda tungeona aibu mapema.

Kinyesi, mkojo na mvua

Tuanze na kinyesi, kwa kuwa ndicho watu hawapendi kukitaja na ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi.

Maji taka yana madhara ya aina mbili, na ni muhimu kuyatenganisha. La kwanza ni vijidudu: vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya kuhara. Hivi ni hatari sana, lakini hatari yake iko karibu. Mtoto anayecheza kando ya mto Mukuru, au mama anayenunua sukumawiki iliyomwagiliwa maji ya mtaro uliopasuka, ndio wanaoumia. Jua, muda, joto na mwishowe chumvi huua vijidudu vingi sana kabla havijafika Malindi. Anayeogelea pwani akaugua tumbo, mara nyingi sababu iko papo hapo pwani. Mombasa na miji mingine ya pwani pia ina nyumba nyingi zisizo na laini ya maji taka, na vyoo vyake vinavujia kwenye vijito vya bahari vilivyo hatua chache tu.

Madhara ya pili ndiyo yanayosafiri. Ni rutuba. Kinyesi na hasa mkojo vimejaa naitrojeni na fosforasi, vitu vile vile mkulima anavyonunua kwenye mfuko wa mbolea. Sehemu kubwa ya naitrojeni inayotoka mwilini mwetu hutokea kwenye mkojo, kwa hiyo hata choo ambacho kinyesi chake kimezolewa vizuri bado kinaweza kuurutubisha mto. Vijidudu hufa. Naitrojeni haifi, inabadilika umbo tu.

Inavyobadilika ndiyo sehemu iliyonishangaza zaidi. Maji taka mabichi yakiingia mtoni, bakteria huanza kuyala, na katika kuyala hutumia oksijeni iliyomo majini. Ndiyo maana kuanzia Gikomba kwenda chini mto unanuka mayai viza na huoni samaki: hewa imekwisha. Huko naitrojeni iko katika umbo la amonia. Mto unapoendelea kushuka, ukipita kwenye mawe na maporomoko, unapata hewa tena, na bakteria wengine huigeuza amonia kuwa naitreti. Kisha mahali penye matope yasiyo na hewa, bakteria wa kundi jingine huichukua naitreti na kuigeuza kuwa gesi, ikapaa ikarudi angani ilikotoka. Mto, kwa maneno mengine, una uwezo wa kujisafisha, na hufanya kazi hiyo usiku na mchana bila mshahara.

Lakini unahitaji muda. Watafiti waliopima naitrojeni katika mto wetu, kutoka Athi hadi Sabaki, walichapisha mwaka 2014 matokeo ambayo kila anayepanga mambo ya mji huu angepaswa kuyajua: wakati wa kiangazi, maji yanapokwenda taratibu, sehemu kubwa ya naitrojeni inayotoka upande wa Nairobi huondolewa njiani, kabla ya pwani. Mvua zikija, mambo hugeuka. Maji hukimbia, bakteria hawapati nafasi, na mzigo unasukumwa hadi baharini. Kwa hiyo uchafu wetu haufiki baharini kidogo kidogo kila siku. Unafika kwa mikupuo, masika na vuli. Mzee wa Sabaki alijua hilo kwa kutazama rangi tu.

Ikifika baharini, rutuba hiyo hulisha mwani. Ukienda penye matumbawe utaona kwa nini hilo ni baya. Tumbawe ni mnyama, mdogo sana, anayejenga nyumba ya chokaa. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, na huo humlipa kodi ya sukari unaoitengeneza kwa mwanga wa jua. Hivyo tumbawe huishi vizuri kwenye maji safi, yasiyo na rutuba, yenye mwanga mwingi. Ukimwaga mbolea juu yake, mwani wa nje, ule mrefu unaojishika mwambani, hukua haraka kuliko yeye na kumfunika. Vifaranga vya matumbawe havipati mwamba mtupu wa kushikia. Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na tangu wakati huo swali limekuwa kama yanaweza kurudi. Joto peke yake ni mzigo mzito. Joto pamoja na maji machafu ni mizigo miwili kwa mgonjwa mmoja.

Kwingine duniani rutuba ya mito imefanya makubwa zaidi. Mwani ukifa huzama, ukaoza, na kuoza kunamaliza oksijeni ya chini. Kufikia 2008 maeneo yaliyokufa kwa namna hii yalikuwa zaidi ya 400 duniani, pamoja na lile la Ghuba ya Mexico mbele ya mto Mississippi. Pwani yetu imenusurika kwa sababu iko wazi. Maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita tatu, mawimbi hayapumziki, kwa hiyo maji hupata hewa. Sitegemei bahati hiyo idumu katika vijito vilivyojificha nyuma ya mikoko, ambako maji hubadilika polepole.

Udongo uliobeba mengine

Ile rangi ya chai si kinyesi. Ni udongo. Wengi hawauiti uchafuzi, lakini kwa matumbawe ya Malindi ni jambo zito.

Tunajua historia yake kwa njia ya ajabu. Tumbawe hukua kwa tabaka mwaka baada ya mwaka, kama pete za mti. Chembe za udongo wa mto zikikutana na chumvi ya bahari huachia metali inayoitwa bariamu, na tumbawe huijenga ndani ya chokaa yake. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha vipimo vya tumbawe la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300 hivi. Kwa karne mbili kiwango kilikuwa tulivu. Kikaanza kupanda mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ardhi ya juu ilipoanza kulimwa na kukatwa miti kwa upana ambao haukuwahi kuonekana kabla ya hapo. Mnyama asiye na macho, aliye mita chache chini ya maji Malindi, alikuwa akiandika yaliyotokea Ukambani na Kiambu.

Tope huziba mwanga, na likitulia humlazimu tumbawe kutumia nguvu zake kujifuta. Nyasi za bahari nazo, ambazo tafi na kasa huzila, huhitaji mwanga ule ule. Tena udongo hausafiri peke yake. Fosforasi hujishika kwenye chembe za mfinyanzi. Risasi pia. Mafuta machafu yanayomwagwa na gereji hufanya hivyo. Chembe moja ya udongo kutoka Nairobi ni kama mkokoteni: ukiuona ukipita, tazama umebeba nini.

Lazima niseme pia upande wa pili, maana nimeona watu wakizungumza kana kwamba bahari ingetamani mto ukauke. Kamba wa Ghuba ya Ungwana, wanaowalisha wavuvi wengi kati ya Malindi na mlango wa Tana, wanategemea tope na rutuba ya mito hii. Mto wenye udongo kiasi ni mto mzima. Shida ni kipimo, na shida ni mahali unapoelekea. Wakati wa kusi tope la Sabaki husukumwa kaskazini, mbali na mji. Kaskazi ikianza kuvuma, husukumwa kusini, kuelekea Malindi na hifadhi yake ya baharini iliyotengwa mwaka 1968. Na vuli hunyesha karibu na majira hayo hayo. Ndiyo maana maji niliyoyaona Desemba yalikuwa vile.

Kifuniko na chupa

Plastiki nimeiacha hadi hapa makusudi, kwa sababu ndiyo inayoonekana na kwa hiyo ndiyo inayozungumzwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa hapa Gigiri, hutaja makadirio ya tani milioni 11 zinazoingia baharini duniani kila mwaka. Nairobi yenyewe huzalisha zaidi ya tani 2,000 za taka za kila aina kwa siku, na si zote zinazofika Dandora, jaa lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kujaa mwaka 2001. Na Dandora kwenyewe mto unapita ukingoni mwa jaa.

Siku moja nilikaa darajani Kariobangi, mvua ikiwa imekatika asubuhi hiyo, nikatazama tu. Nilijifunza jambo dogo. Chupa ya maji iliyofungwa kifuniko ilipita ikielea upesi, imelala ubavu. Chupa kama hiyo hiyo isiyo na kifuniko ilijaa maji na kuzama karibu na nguzo. Plastiki ya chupa ya maji ni nzito kuliko maji, hewa iliyofungiwa ndani ndiyo inayoielesha. Kifuniko chake ni plastiki ya aina nyingine, nyepesi, nacho huelea peke yake. Sapatu huelea pia. Kwa hiyo mto huzichambua taka: vifuniko, sapatu na vipande vyepesi huendelea na safari, vizito hubaki kwenye tope hadi gharika ije ivitoe. Gharika za Aprili na Mei 2024, zilizobomoa nyumba Mathare na Mukuru na kuua watu, zilifukua pia yaliyokuwa yamezikwa mtoni kwa miaka.

Plastiki haiozi, inavunjika. Jua huifanya iwe dhaifu, mawe huisaga, hadi inakuwa chembe ndogo kuliko milimita tano, na bado ni plastiki. Nyingine hutoka mtoni tayari ikiwa ndogo. Nguo nyingi za mitumba zina poliesta, nayo ni plastiki, na matambara yanayokosa mnunuzi Gikomba hutupwa ukingoni mwa mto huo huo. Kila wimbi la maji linang'oa nyuzi. Kome, kaa na samaki wadogo hula chembe hizo bila kujua. Kasa humeza mfuko mzima akidhani ni yavuyavu, na tumbo lake likijaa kitu kisichomeng'enyeka huacha kula. Watamu kuna kituo cha kuwatibu kasa ambacho kimeshughulika na wengi wa namna hiyo.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni nne. Mimi naiona sheria ile kuwa imefanya kazi. Mifuko ile miyepesi iliyokuwa ikining'inia kwenye kila ua wa Eastlands imepungua, na mitaro haizibi kama zamani. Lamu nao walijenga jahazi zima, Flipflopi, kwa tani kumi za plastiki iliyookotwa na sapatu 30,000, likasafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019. Jahazi lile lilikuwa ushahidi wa ni kiasi gani cha viatu vya watu hutupwa ufuoni. Machi 2022, Gigiri, mataifa yalikubaliana kuandika mkataba wa dunia wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Kikao cha Geneva cha Agosti 2025 kilivunjika bila makubaliano.

Kuhusu metali nitasema machache. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2007 uliwakuta watoto wengi wa karibu na jaa la Dandora wakiwa na risasi nyingi mno damuni. Metali haivunjiki wala haigeuki gesi kama naitrojeni. Hukaa kwenye tope hadi tope lisogee. Zebaki ni mbaya zaidi, kwa sababu kila samaki anayemla mwenzake hurithi sumu yote ya aliyeliwa. Mji wa Minamata, Japani, ulijifunza hilo kuanzia mwaka 1956, kwa watu waliougua baada ya kula samaki wenye zebaki, na baadaye kwa watoto waliozaliwa na ulemavu.

Bluu

Niliporudi kutoka Malindi nilianza kuuliza maji ya kwetu yanakwenda wapi. Tunaishi ploti moja Huruma, orofa tano, vyumba vingi, vyoo viwili kila orofa. Wapangaji wote tulijua tuko kwenye laini ya maji taka, kwa sababu tuliambiwa hivyo na tulikuwa tunalipia. Fundi mmoja wa mabomba, jirani yetu, akasema kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Alinunua bluu ya kufulia nguo, akaikoroga kwenye ndoo, akaimwaga chooni orofa ya chini na kuvuta maji mara tatu. Kisha akanituma nyuma, kwenye mtaro wa maji ya mvua unaoshuka Mto Mathare.

Nilisubiri dakika chache. Bluu ikatoka. Ilitokea kwenye bomba lililofunikwa kwa bati na mawe, ikajichanganya na maji ya kijivu, ikateremka kuelekea mtoni. Kina mama waliokuwa wakifua hapo karibu waliacha kufua, wakatazama. Mmoja akaniuliza, "Kijana, hiyo ni nini?" Nikamwambia ni sisi.

Aliyejenga alikuwa amekwepa gharama ya kuunganisha. Mita zipatazo arobaini zilikuwa zimebaki kufika kwenye shimo la laini kuu, ile inayopeleka maji taka kwenye mitambo ya kuyasafisha. Pale Ruai, kwenye mabwawa makubwa, jua na bakteria hufanya kwa utaratibu ile kazi ambayo mto hulazimishwa kuifanya kwa pupa. Mabwawa hayo hayawezi kusafisha yasiyofika kwao. Tangu siku hiyo nikisikia kuna zoezi la kuokota chupa kando ya mto huenda, na nitaendelea kwenda, lakini najua kwamba mifuko yote tunayojaza haigusi hata tone la ile bluu.

Ilituchukua miezi saba. Tulimwandikia mwenye nyumba barua iliyotiwa saini na vyumba ishirini na sita. Kwanza alikana, kisha akasema gharama ni yetu, kisha tulipomwonyesha picha za ule mtaro akakubali kulipa mabomba nasi tukachanga kwa vibarua. Walichimba wiki mbili. Siku ya mwisho fundi alikoroga ndoo nyingine ya bluu, akaimwaga. Nilisimama mtaroni nusu saa nzima na mwanangu mdogo. Maji yaliyopita yalikuwa ya kijivu, yenye povu la sabuni la ploti za juu yetu.